Mtu wa Bokoli Aliyeshika Usukani

Cheka ukitaka, lakini cheka nikimaliza. Haya sikuyasikia kwa jirani wala kwa binamu ya mtu. Yalinipata mimi, mchana kweupe, grisi ikiwa imenifika viwikoni, na kama unashuku nilikuwa nimeonja kitu, uliza kanisani kwetu. Pombe naijua kwa harufu ya wateja tu.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa na gereji Kitale. Kazi yangu ilikuwa beringi: za mashine za posho, za trekta, za pampu. Wanaume walikuwa wakija na kuniuliza fundi yuko wapi, nami nimesimama mbele yao na nyundo mkononi. Niliwaacha watafute. Basi siku moja nikaletewa nini? Boti! Juu ya treila, Kitale, mji ambao maji yake mengi ni ya mvua. Tajiri mmoja alikuwa ameinunua ikiwa kuukuu kutoka Ziwa Victoria, akawa anaipeleka Turkana ikabebe abiria. Nahodha wake angekuwa mume wangu, Simiyu, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye maboti huko Busia. Kwa hivyo nielewe vizuri. Chombo nilichopewa kutengeneza ndicho kingembeba baba ya watoto wangu juu ya ziwa lenye upepo usio na adabu. Mkono wangu ukikosea, mjane ni mimi.

Injini ya boti ile ilikaa ndani, na nyuma kabisa, kwa nje, kulikuwa na mguu wenye pangaboi. Shafti inatoka kwenye injini, inapita katikati ya beringi moja, ndipo inaingia mguuni. Beringi hiyo ilikuwa imekwisha. Ukikata usukani, inanguruma. Nikafungua mguu, nikaivuta, ikatoka na maji ya kutu, gololi zake zimeliwa. Nikagonga mpya mpaka ikakaa, nikarudisha mguu. Kuna mpira wa mikunjo unaofunika shafti, ndio unaozuia maji ya ziwa yasiingie. Niliufuta, nikaukagua, nikaona ni mzima, nikaurudisha huohuo.

Sasa, beringi mpya husikilizwa. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini unaubana sikioni, kisha mtu mwingine anakata usukani huku na huku. Lakini mtu huyo ningemtoa wapi? Simiyu na tajiri walikuwa wameenda kutafuta mafuta ya safari ya kesho, na mvua ya mawe ilikuwa imefukuza kila mtu barabarani. Nikaunganisha paipu ya maji ya kupoza injini, nikawasha, nikabaki nimesimama pale chini ya turubai nikijilaumu kwa haraka yangu.

"Mulembe, mama."

Alikuwa amesimama kando ya treila, kijana mrefu, mikono nyuma. Nguo zake zilikuwa kavu. Mawe yalikuwa yakianguka kama mahindi yanayopukuchuliwa, na yeye hana hata tone! Utaniuliza mbona sikukimbia. Wewe ukiwa na kazi ambayo haijaisha, na mikono ya bure imejileta, utaanza kuhoji ukavu wa mtu?

"Mulembe," nikaitikia salamu ya kwetu. "Wewe ni wa wapi?"

"Bokoli. Mimi Wanjala. Nikushikie usukani?"

"Chunga hiyo ngazi, bana, inateleza."

"Hii boti naijua," akasema, akapanda.

Nikainama, nikaweka bisibisi. Akakata kulia. Safi, chuma kinaimba polepole. Akakata kushoto, hadi mwisho. Nikasikia maji. Si ya paipu, si ya mvua. Maji mengi, mazito, na ndani yake mtu akiita: "Mayi! Mayi!" Kwa Kibukusu, anamwita mamake. Nikaondoa bisibisi sikioni, nikasikia injini tu. Nikairudisha. "Mayi!" Niamini, sauti ile niliijua. Ndiyo iliyokuwa imenisalimu.

"Angaria huo mpila, mama," akasema kule juu, taratibu. "Angaria nikikata hivi."

Nikaangalia. Usukani ukiwa umekatwa kabisa, mkunjo mmoja ulifunguka, na ndani yake mlikuwa na ufa wa kuingiza ukucha. Akinyoosha, ufa unajifunga kama haujawahi kuwepo. Hapo ndipo maji yalipopitia kuila beringi ya kwanza. Hapo ndipo yangepitia tena, mume wangu akiwa katikati ya ziwa.

"Mimi pia nilisikia inanguruma," akasema. "Nikasema nitaangaria nikifika."

Sikumuuliza kama alifika. Na katika hofu ile ikanijia adabu yetu ya nyumbani, ile ya kutomwacha mgeni aende hivihivi bila neno zuri. "Asante, ndugu yangu," nikasema. "Si basi uende na mzee wangu huko Turkana, umwangalilie." Neno la mdomoni tu! Kama tunavyomwambia mtu karibu tule na sufuria iko tupu.

"Umenituma?"

"Nimekutuma."

"Sawa, mama."

Injini ikazima yenyewe. Nilipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu, kimelowa chepechepe, kinanuka samaki. Kwenye tope kuzunguka treila, nyayo zilikuwa zangu peke yangu.

Nikachukua kisu nikaukata mpira ule vipande, asije mtu akasema utafika hivyohivyo. Tajiri aliporudi alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Simiyu naye aliona aibu kuliko hasira.

"Mama Naliaka, umeharibu kazi ya watu!"

"Baba Naliaka, kosana na mimi ukiwa hai."

Ilibidi wangoje mpira mpya kutoka Mombasa. Siku zote hizo Simiyu hakunisalimu vizuri. Ulipofika niliufunga mwenyewe, nikasikiliza, kimya, na boti ikaondoka naye.

Alirudi baada ya miezi, mzima. Nilimshukuru Mungu kwa magoti. Lakini mezani akavuta kiti cha pili.

"Cha nani hicho?"

"Si ni cha yule kijana wako uliyemtuma? Upepo ukichafuka, yeye ndiye hushika usukani. Amenitoa mahali nilikuwa nimeshamaliza kuomba."

Aliposimama, nikapapasa kile kiti. Kilikuwa kimelowa. Kesho yake vilevile. Binti yangu Naliaka alikuwa akikipangusa akilaumu paa. Mimi nililala macho wazi, kwa sababu mume wangu alikuwa ameanza kusema "sisi" hata akiwa peke yake. Miguu yake ilikuwa baridi chini ya blanketi mbili. Asubuhi aliamka ananuka ziwa, akiuliza lini anarudi, na kila alipouliza, uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajali kama atatoka huko tena. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Nilimtuma mtu aende naye. Sikumwambia mwisho ni lini.

Nikaenda Bokoli. Haikuwa vigumu kupata nyumba, watu walijua kijana aliyepotelea majini. Kwetu, mwili usipopatikana, huzikwa shina la mgomba mahali pake, ili mtu apate kwao. Mamake alikuwa amekataa. Alisema mwanawe ameenda kazi Uganda, atarudi. Nilipomweleza, hakuuliza alikufaje. Aliuliza, "Alikuwa amekonda?" Nikamwambia hapana. Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye, kwa maana na mimi nilikuwa nimekuja kumdai mtu wangu.

Wakazika mgomba, wameuvisha shati lake. Nikasogea kaburini, nikasema kwa sauti, watu wote wakisikia: "Wanjala, asante. Kazi niliyokutuma imeisha. Kaa nyumbani." Simiyu, niliyekuja naye siku hiyo, alilia kuliko ndugu wa kuzaliwa.

Kiti kikakauka. Ziwani Simiyu hakurudi tena, sasa tunalima Kamukuywa. Lakini mpaka leo, maji ya kunawa yakiletwa, humwelekezea kwanza mtu asiyekuwepo, kisha anakumbuka, ananawa haraka na kuangalia chini. Mimi hujifanya sikuona.

Kwa hivyo wewe mwenye mdomo mwepesi, nisikilize. Mgeni usiyemjua mpe chai, mpe kiti, mpe hata pa kulala. Usimkabidhi mtu wako kwa neno la adabu. Mimi Mungu alinihurumia, niliyemtuma alikuwa mwema. Wako atakuwa nani?