Mwaka Dobrinka Alipogawa Vitu Vyake

Hakuna aliyemlazimisha Dobrinka. Hilo nalisema mapema, maana hapa mjini Sliven watu wana midomo, na wengine walidai uzee umeanza kumvuruga. Aliamua mwenyewe, siku ya mwaka mpya, akiwa na miaka sitini na mitatu na goti moja bovu: mwaka huu anaitoa takataka yote ndani ya fleti, anaipangisha, halafu anarudi kijijini Gorna Lipa, kwenye nyumba ya marehemu mama yake, akafuge kuku, apande nyanya, alale akisikia mbwa wa jirani badala ya lifti.

Na takataka alikuwa nayo, tusidanganyane. Mwanamke aliyesimama miaka thelathini na miwili kwenye mashine za kiwanda cha nguo, akapanga foleni ya sukari na foleni ya sabuni, hatupi kitu. Chupa za achari zilijaa roshani mpaka mlango wake ukawa haufunguki. Chini ya kitanda kulikuwa na mabaki ya vitambaa. Nyuma ya kabati zilisimama fimbo za kuvulia za marehemu mumewe, ambaye katika ndoa nzima hakuleta samaki wa kujaza sahani. Televisheni mbovu zilikuwa mbili, moja imegeuzwa meza ya mwenzake. Kila alipoulizwa, jibu lilikuwa lile lile: kitafaa. Kimfae nani, Mungu ndiye ajuaye.

Wa kwanza kupigiwa simu na kuelezwa uamuzi huo alikuwa mdogo wake, Tsonka. Dobrinka alimzidi miaka saba, na kwa kuwa mama yao alikuwa kwenye zamu za usiku kila mara, yeye ndiye aliyemsuka nywele, akampeleka shule, akamfunza hata kupika. Siku hizi Tsonka anaishi jirani na Gorna Lipa. Ndiyo maana miaka mitano nyuma Dobrinka alimwekea sahihi kwa wakili, apate mamlaka ya kushughulikia nyumba ya mama: maji, umeme, kodi na kila kinachohitaji sahihi. Goti halikumruhusu kwenda na kurudi. Na mtu asipomwamini mdogo wake, amwamini nani?

"Hapo umenena, dada," Tsonka alisema kwenye simu. "Toa vyote. Mtu anazikwa na chupa za achari?"

Katikati ya Januari akaja na gari, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akanywa kahawa, akawa anaonyesha kwa kidole: hiki toa, kile toa. Jiko la kuchomea pilipili hoho akalichukua yeye. Akachukua na blanketi zito la sufu alilolifuma mama yao.

"Hili niachie mimi, dada. Kule kijijini utakuta mengine."

Dobrinka alilikunja mwenyewe, akalibeba mpaka kwenye gari, goti likimuuma.

Basi kila Jumamosi akawa anagawa. Alipeleka vyombo ghorofa ya pili, mapazia ghorofa ya sita, fimbo za kuvulia akampa mlinzi wa maegesho. Jirani yake wa mlango wa pili, Pavlina, mjane mwenye ulimi mkali, alisimama kwenye korido akimtazama.

"We Dobrinka, ukifikia mlango wa choo nishtue. Wangu umeoza."

"Mlango nabeba naenda nao kijijini."

"Kijijini utakwenda msalani porini. Niachie mlango."

Walicheka mpaka wakashikilia ukuta. Dobrinka hakuwa amecheka hivyo tangu amzike mumewe. Usingizi ulimrudia. Fleti ilibaki na kitanda, meza, viti vitatu, na boksi moja la mbegu za nyanya alizozipanga kwenye bahasha, kila bahasha na jina lake. Alijiona mwepesi, alijiona msichana.

Ikafika Jumapili ya Msamaha, siku ya mwisho ya kula jibini kabla ya mfungo. Kwetu, siku hiyo mdogo humwendea mkubwa, hubusu mkono wake na kusema, "Nisamehe." Mkubwa hujibu, "Mungu akusamehe, nami nimekusamehe." Basi, mnakula. Hakuna anayeuliza kosa gani. Anayeuliza huonekana hana adabu, kama mgeni anayefunua sufuria za wenyeji.

Kila mwaka Tsonka alikuja na mumewe. Mwaka huo alikuja peke yake, halua nyeupe mkononi. Akaubusu mkono wa dada yake, asiuachie.

"Nisamehe, dada."

"Mungu akusamehe, nami nimekusamehe."

Akaomba tena. Akaomba na mara ya tatu. Dobrinka akajibu zote, akicheka.

"Umekuwa padri sasa? Njoo ule, banitsa inapoa."

Wakala ile banitsa, mkate wa matabaka wenye jibini. Kisha wakafunga kipande cha halua kwenye uzi, wakakining'iniza kwenye taa kama walivyofanya utotoni, kila mmoja akijaribu kukidaka kwa mdomo, mikono nyuma. Dobrinka alirukaruka kwa mguu mmoja, kinywa wazi. Alipogeuka kumpisha mdogo wake, alimkuta analia.

"Nyumba imeuzwa, dada."

"Nyumba ipi?"

"Ya mama. Mwezi wa kumi na moja. Kijana wangu ana mke mjamzito, hawakuwa na pa kulala. Nilitia sahihi kwa ile karatasi yako."

Dobrinka alikaa kwenye kiti. Alihesabu miezi kwa vidole, polepole.

"Januari ulikaa hapo dirishani."

"Nilikuja kukwambia. Nikakuta umefurahi vile, nikashindwa."

"Ukachukua blanketi."

Tsonka akafuta machozi kwa kiganja.

"Ungeniambia kabla hujauza."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Ni ya mama yangu pia."

"Lakini umeshanisamehe, dada," Tsonka alisema, kwa sauti ndogo. "Mara tatu. Umesema mwenyewe."

Hilo lilimuumiza Dobrinka kuliko nyumba yenyewe. Mtoto aliyemlea alikuja kuchukua msamaha kwanza, akauweka kibindoni, ndipo akafungua mdomo. Angetamani kupiga kelele, lakini neno la siku ile halirudishwi, na Tsonka alilijua hilo tangu akiwa na mikia miwili ya nywele za kusuka.

"Nimekusamehe," Dobrinka alisema. "Sirudishi. Sasa nenda."

Ni miaka minne sasa. Dobrinka hakuenda popote, na wapangaji hawakuja. Kila Jumapili ya Msamaha Tsonka hupanda mpaka ghorofa ya tano, hugonga, na kusema kwenye mlango uliofungwa, "Nisamehe, dada." Dobrinka huinuka kitini, husogea mpaka mlangoni, na kujibu maneno yote kama inavyotakiwa, wazi, bila kuruka hata moja. Kisha husimama pale pale, mkono wa kubusiwa ukiwa mfukoni, akingoja viatu vya mdogo wake vishuke ngazi.