Kipande cha Mansour Kando ya Uzio

Hapa Diepsloot wanamwita mume wangu Duni "Baba Mbuzi", na mimi Ummi nimegeuka Mama Mbuzi, jina ambalo sikuolewa ili niitwe. Kwao Duni ni Tanga. Alikuja Joburg kuuza nguo, akaishia kufuga. Nyuma ya nyumba yetu kuna uzio, na ng'ambo ya uzio shamba la mikaratusi ambalo mwenyewe huvuna nguzo.

Mikaratusi ina visa. Inabambuka maganda marefu yanayoning'inia, na baridi ikiingia majani yanayoota chini yake yanakauka. Moto ukija unapanda maganda kama ngazi, na ukishafika juu huuzimi tena. Ndiyo maana Duni na mwenye shamba walipatana: mbuzi waingie wale majani, sisi kina mama tuokote maganda na matawi makavu ya kupikia. Yeye anapata miti salama, sisi tunakula na kulala.

Shida ni Idi Kubwa. Mwaka huu mvua zilichelewa kuisha, majani yakafika kiunoni, na Idi ikaingia mbuzi hawajaugusa ukanda wa kando ya uzio. Wateja wetu, Waswahili wa Bertrams, walikuwa washachagua wanyama wao. Mansour, fundi mabati, akatangulia kuja.

"Mbuzi wangu, shemeji."

Duni akamzuia. "Huyu hajamaliza kazi. Ukimchukua leo, utaimaliza wewe."

"Mimi nile majani?"

"Ufyeke."

Watu wakacheka mpaka basi, lakini Duni hana utani kwenye mambo ya mbuzi. Akaugawa ukanda: kila aliyechukua mbuzi, kipande chake. Cha Mansour kiliangukia nyuma ya chumba cha Arlène, Mkongo anayelea watoto wa mtaa mama zao wakienda kazini. Sisi nasi tulichinja mmoja, basi chetu kikawa nyuma ya banda la mbuzi na jiko langu.

"Wallahi, Jumapili nipo," Mansour akaapa.

Wenzake walikuja wakafyeka. Yeye, Jumapili ikapita, ikaja nyingine. Ukimpigia: "Eish, kaka, kazi zimenibana."

Mwezi wa nane upepo ukaanza. Asubuhi moja namkuta Duni, mgongo wenyewe mbovu, anafyeka kipande cha Mansour. Nilipandisha hasira. "Wewe mwanamume! Chetu kimesimama, unahangaika na cha watu?"

"Nikimaliza hapa naja chetu."

Hakuwahi. Mchana uleule moto ulitokea barabarani, ukaingia shambani. Kule walikokula mbuzi ulitambaa chini kwa chini, miti ikapona. Ulipofika kwenye ukanda uliofyekwa ukakosa cha kula, ukafa. Kwenye chetu ukainuka, ukaruka uzio, ukala banda, ukala jiko langu na masufuria yangu ya pilau. Majirani walikimbia na ndoo, nyumba ikasalimika.

Jioni nikamvaa. "Ungeanza na chetu, leo ningekuwa na jiko!"

Duni alikuwa ananawa masizi. "Nyuma ya chetu kulikuwa na banda tupu, Ummi."

"Na jiko langu!"

"Na jiko lako. Niliona vipande viwili sivimalizi. Nikachagua."

Nikageuka kutazama chumba cha Arlène, watoto mlangoni wanawasubiri mama zao. Nililia, na si kwa ajili ya masufuria.

Kesho yake Mansour akaja, mabati juu ya gari, macho chini. "Shemeji, nimesikia. Nimekuja kukujengea jiko."

"Shusha mabati," nikamwambia. "Lakini kwanza nenda pale kwa Arlène, ukawasalimie wale watoto. Mmoja mmoja, kwa mkono. Kisha urudi ujenge."

Akaenda. Alikaa huko sana. Aliporudi, chai niliyompa hakuigusa. Alichukua nyundo akaanza kazi.