Santuri Ambazo Hazikukombolewa

Mjukuu wangu ananisumbua nimtajie jina la ile bendi ya Wazungu aitafute kwenye simu. Eti dakika moja tu, bibi, utaisikia yote. Simtajii ng'o. Atanipigia kitu kilichosafishwa, na mimi sina haja na kilichosafishwa. Nilichokitaka nilikitaka wakati ule, nikanyimwa, na kunyimwa kule kunanikereketa mpaka leo.

Aliyeileta bendi hiyo nyumbani ni kaka yangu. Ilikuwa miaka ile barabara kuu ya kwenda Zambia inajengwa kupita Mikumi, naye alikuwa dereva wa tipa, kazi yake kumwaga kifusi. Mzungu mmoja mpima barabara alipomaliza mkataba wake akamwachia gramafoni ndogo ya betri na santuri mbili zilizokaa ndani ya jalada moja. Kaka akapanda lori mpaka Kilosa, kisha akatembea hadi kwetu Chanzuru na mzigo kifuani, hataki mtu amsaidie.

Santuri zile hazikurekodiwa chumbani. Zilirekodiwa jukwaani, usiku mmoja, watu wamejaa mbele. Mara ya kwanza kaka alipoweka sindano, makofi yakaanza kabla ya muziki, mengi, yanakuja kwa wimbi. Mama alikuwa jikoni. Akatoka mbio kuanua mahindi, alidhani mvua imeingia. Tulicheka mpaka akatufukuza.

Sasa nyie hamjui tulitoka wapi. Santuri tulizozizoea sisi zilikuwa zile ndogo za dansi, na utamu wake ulikuwa wa kuonjeshwa tu. Mwimbaji anamaliza beti zake, magitaa ndiyo kwanza yanaanza kuchemka, mara sindano imefika mwisho. Lakini bendi ikija ukumbini Kilosa, wimbo uleule ulipigwa mpaka mashati yakalowa. Kwa hiyo tulikuwa tunajua kabisa kwamba santuri zinatudanganya. Hii ya kaka haikudanganya. Waliacha mambo yote yasikike, mazuri na mabaya. Gitaa la solo lilikuwa na uzi mmoja uliolegea, na mpigaji aliukaza huku wenzake wanaendelea. Kulikuwa na mtu karibu na kipaza sauti aliyekohoa kikohozi cha mvuta sigara, nasi tulimjua, tulimngojea akohoe. Upande wa tatu wote ulikuwa wa mpiga dramu. Wenzake walimwachia jukwaa, akapiga peke yake, taratibu, halafu kwa hasira, halafu taratibu tena. Kaka alikuwa anaupenda huo kuliko pande zote. Alisema huyu mtu anaendesha tipa la kifusi kwenye mteremko na breki hazishiki.

Mimi nilipenda upande wa pili, wimbo wa mwisho. Mwimbaji anachelewa kuingia. Sijui alikuwa anakunywa maji, sijui kasahau maneno. Mpiga besi anazunguka palepale anamngoja, anazunguka tena, wala hakasiriki, mpaka mwenzake anarudi na watu wanashangilia. Kiingereza cha wimbo ule sikukielewa na sikielewi mpaka kesho. Lakini kule kungojana nilikuelewa, na sijasikia bendi nyingine ikifanya vile bila kuona haya.

Betri zikiisha nguvu tulizianika juani kwenye ungo, zikarudi kidogo, muziki ukatoka mzito na wa kuvuta miguu. Hata hivyo tuliusikiliza. Vijana walikuja na vigoda vyao. Wazee walipita wakiguna, na aliyeguna zaidi ya wote alikuwa baba mkubwa, aliyekuwa mkubwa wa nyumba yetu tangu baba afariki. Alikuwa mzee wa kanisa. Aliangalia ile picha ya jaladani, wanaume wenye nywele mabegani, akauliza kama hao wana mama zao.

Kaka alikufa kazini. Tipa lilimkwepa nyati karibu na Mikumi likapinduka, na tukaletewa mwili siku iliyofuata. Sina zaidi la kusema hapo.

Kwenye msiba watani walikuja kama ilivyo desturi. Mtani wetu mkubwa alikuwa mzee mmoja mkata mkonge, mwembamba, ana mdomo mchafu kuliko wote niliowahi kuwasikia. Ndiye aliyechimba kaburi. Alipomaliza akavaa viatu vya kaka, akashika jembe kama gitaa, akaanza kujipinda mbele ya wafiwa, anatikisa nywele ambazo hana. Watu waliangua kicheko, na mama naye akacheka huku machozi yanamtoka. Ndiyo kazi ya mtani hiyo, na aliifanya vizuri. Kisha akaingia ndani akatoka na gramafoni na santuri, akatangaza kwamba ni mali yake mpaka tumkomboe.

Kukomboa ni jambo dogo. Unatoa kuku, mnatukanana kidogo, mtani anarudisha alichokamata. Ila anayekwenda kukomboa ni mkubwa wa wafiwa, si msichana. Baba mkubwa akaleta kuku. Mtani akamwambia kuku mmoja kitu kimoja, achague. Akachagua mashine. Nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni na nilimwona akiichukua, akageuka zake, wala hakuziangalia santuri.

Nilimfuata kesho yake. Nilipiga magoti, nikamwomba akakomboe na santuri, kuku nitamtafuta mimi. Akasema ngoja arobaini ipite. Ikapita. Akasema ngoja tuhamie kwanza, maana tulikuwa tumeshatangaziwa kuhamia kijiji cha ujamaa. Tukahama, tukajenga. Ngoja tuvune shamba la kijiji. Tukavuna. Mzee wangu, santuri za marehemu? Ngoja. Jioni alikuwa anakaa barazani na ile mashine, anapiga nyimbo za kwaya alizoazima misheni. Alikuwa amenunua betri mpya.

Kila aliyenisikia aliniambia nitulie, ni vitu tu. Si vitu. Kaka hakuacha mtoto, hakuacha hata picha. Kilichobaki cha kumjua yeye ni kile alichokuwa anakipenda, na nilitaka niketi nikisikilize kwa masikio yake, basi. Nilihesabu hilo kuwa haki yangu. Na redioni nisingekipata, miziki ya kigeni ilikuwa imeshanyamazishwa.

Mwisho nikachoka na ngoja. Nilikuwa nimefuga kuku wangu mwenyewe, jike jeupe, mtagaji mzuri. Mtani alikuwa ameshahamia Ruhembe, anakata miwa. Nikamfunga kuku miguu, nikaaga kwamba nakwenda kumjulia hali shangazi Mikumi, nikapanda basi. Toka Mikumi nikaunga lori la miwa.

Nilimkuta kwake amekaa kivulini, ananoa panga. Aliponiona akaanza matusi yake, kwamba nimenyauka hivi nani atanioa, kwamba kwetu tumekula hata nzige. Nami nikamjibu ya kumjibu. Halafu akamwona kuku. Akaniuliza kuku huyo wa nini. Nikamwambia nimekuja kukomboa.

Aliweka panga chini. Mke wake akatoka na karanga za kukaanga, akaniwekea mbele kwenye bakuli. Lilikuwa bakuli jeusi, limepindana ukingoni, na tundu la katikati limezibwa kwa nta. Ndani yake niliona mistari, ile mistari myembamba inayozunguka. Nililiinua. Chini palikuwa bado pana karatasi ya duara yenye maandishi, na nilizijua herufi zile kwa sura. Ulikuwa upande wa pili.

"Niliwangoja," akasema. "Nilituma watu mara ngapi, mzigo wenu upo, njooni. Baba yako mkubwa akaleta jibu kwamba hakuna mwenye shida nazo, mama yako na wewe mmeridhika, nifanye nitakavyo. Ndipo mama huyu akazitia maji ya moto, akazikunja mabakuli."

Nikacheka. Mtani hakasirikiwi, na alivyonifundisha mama, ukimkasirikia mtani umemkosea marehemu. Nikacheka nikila karanga, na sauti yangu mwenyewe niliisikia mbaya.

"Usinicheke hivyo," akasema yule mzee. "Nitukane. Nitukane, mwanangu, nina haki ya kutukanwa."

Sikuweza. Matusi yote niliyokuwa nayo hayakuwa yake. Mke wake akataka kunimwagia karanga kwenye khanga nichukue bakuli, na la pili akalileta, lilikuwa la maji ya vifaranga. Nikakataa. Kuku nikamwachia, kwa sababu nilikuja kukomboa na kukomboa ni kutoa.

Nilifika nyumbani jua linazama. Baba mkubwa alikuwa barazani, kwaya inaimba. Akaniuliza shangazi hajambo. Nilipiga goti, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Tangu jioni ile nilimpa shikamoo yake kila siku, asubuhi na jioni, sikuiruka hata moja, na zaidi ya hiyo sikumpa neno lingine mpaka tulipomzika.