Sindano Aliyonyimwa Baba

Vita vilipokwisha, nyumba yetu katika mtaa wa Walukuba haikuwa na paa. Askari waliokuwa wakikimbia waling'oa mabati na milango, na walichoshindwa kubeba walikinyea. Mama alikuta kinyesi ndani ya sufuria yake ya pilau. Hakuiosha. Alichimba shimo nyuma ya nyumba akaizika.

Baba alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha nguo, nywele zote nyeupe, lakini mikono yake ilikuwa bado na nguvu. Alisema hatangojea msaada wa mtu. Akaokota mabati chakavu, akainyoosha misumari ya zamani kwa jiwe, akaanza kuezeka. Mimi nilikuwa karani katika ofisi moja ya wilaya huko Mbale, nikaomba ruhusa nije kuwasaidia. Siku ya tatu Baba alishuka kwenye ngazi akakanyaga msumari wenye kutu. Ulipenya kandambili ukazama kisiginoni.

Nilimfunga kitambaa, nikamwegemeza begani mpaka zahanati. Bahati nzuri, nilidhani, kwa kuwa ilikuwa siku ya chanjo, na chanjo yenyewe ilikuwa ya pepopunda. Baraza lilijaa kina mama na watoto. Tulipofika mezani, muuguzi alimtazama Baba kuanzia kofia mpaka mguu uliofungwa.

"Mzee, hii ni ya watoto na wenye mimba. Wewe mimba yako ni ya miezi mingapi?"

Baraza zima lilicheka. Baba naye akacheka, maana alikuwa mtu wa adabu, hakutaka kumwaibisha aliyemtania. Kile kicheko chake ndicho kinachonichefua mpaka leo.

"Dada, amechomwa na msumari," nilisema.

"Nimesikia. Hayumo kwenye orodha."

Tulikaa pembeni tukangoja. Mama wa mwisho alipoondoka, chupa ya dawa ilikuwa bado na dawa karibu nusu. Muuguzi akaanza kufunga vitu vyake.

"Hiyo iliyobaki unaipeleka wapi?" nilimwuliza.

"Chupa ikishafunguliwa hailali. Inamwagwa."

"Basi mchome yeye hiyo unayotaka kumwaga."

Akanigeuzia daftari lake nilione. Lilikuwa na safu mbili tu, moja ya watoto na moja ya wajawazito. "Nitamwandika wapi? Wakija kukagua nitasema nini?" Akatoka nje, akaimimina dawa kwenye majani kando ya ngazi, mbele ya macho yetu. Hakuonekana mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na viatu vyake vilikuwa vimepasuka.

"Twende, mwanangu," Baba alisema. "Tusimtie dada wa watu matatani."

Siku ya nane tangu achomwe na msumari hakuweza kufungua kinywa anywe uji. Hospitalini walimlaza kwenye chumba ambacho dirisha lake tulilifunika kwa kanga, kwa sababu mwanga ulimtesa. Mlango ukigongwa, mwili wake ulijikunja kwa nyuma mpaka kichwa na visigino tu ndivyo vilivyogusa godoro. Akili yake ilikuwa timamu. Alitusikia, akatuangalia, na meno yake yalikuwa yameumana. Alikufa siku ya nne ya kulazwa. Daktari alituambia bila kuficha kwamba sindano ile ya zahanati huenda ingekuwa imechelewa, maana mtu huchanjwa kabla ya kuumia. Nikamwuliza ni lini mzee kama Baba angechanjwa kabla.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimestaafu mwenyewe na kuishi Nkoma, pembezoni mwa Mbale, niliitwa kwenye mkutano mjini. Maofisa wa serikali walikuwa wanasoma rasimu ya bima ya afya ya umma, wanataka maoni ya wananchi. Kando yangu alikaa askari magereza mstaafu, mtu wa kaskazini aliyehamia Nakaloke, nje ya mji, kulima. Kijana aliyevaa tai alisoma ukurasa wa chanjo. Watoto, wajawazito, wafanyakazi wa afya. Akafunga karatasi, akachukua sambusa.

"Na wazee?" niliuliza.

Akafuta mafuta vidoleni. "Mama, tuseme ukweli. Ukimchanja mzee, hiyo chanjo ataitumia muda gani?"

Wengine waliguna, wengine wakatikisa vichwa kukubali, na waliokubali walikuwa wa rika langu. Nilisimama nikaeleza kisa cha Baba, msumari, daftari na dawa iliyomwagwa. Nilipomaliza kijana alisema, "Pole sana, mama. Lakini hapa tunazungumzia mipango."

Yule askari mstaafu akasimama, amejinyoosha kama yuko paredi.

"Bwana, mimi nalinda jela ya serikali hii mpaka meno natoka. Sasa nakuwa takataka?"

Hapo kijana aliandika. Alitusomea alichoandika: wazee nao watafikiriwa kadiri hali itakavyoruhusu. Watu wakapiga makofi, tukaitwa nje kupiga picha. Nilikataa. Sikutaka uso wangu uwe chini ya sentensi ile.

Bima yenyewe sijaiona. Nilichokiona ni mkono wa yule mstaafu, msimu uliofuata, panga lilipomteleza shambani likamkata. Alikuja kwangu Mbale na taksi, shati limeloa damu, nikampeleka kituo cha afya. Walimshona, wakasema sindano ya pepopunda si yake.

"Tutakaa hapa," niliwaambia, nikaketi kwenye benchi mlangoni pa chumba cha sindano.

"Mama, unazuia watu."

"Najua."

Tulikaa tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri. Alikuja mkubwa wao, akanisihi, akanikaripia, akaondoka. Mwishowe muuguzi alitoka na sindano kwenye sahani ya bati, akamchoma begani pale pale kwenye benchi. Walimchoma ili tuondoke.

"Asante sana, dada," mstaafu alimwambia, na akainama kidogo.

Mimi sikumshukuru mtu. Nilimshika mkono ule mzima, tukatoka kutafuta taksi ya Nakaloke.