Baiskeli Iliyosuka Siagi

Odilia hajawahi kuamini chombo kisicholalamika. Babu yake alikuja Kilosa kufunga mataruma ya reli, na kutoka kwake Odilia alirithi nyundo moja, koleo mbili, na tabia ya kutega sikio kabla ya kushika spana. Kibanda chake cha kutengeneza baiskeli kiko karibu na stesheni, na wateja wameshamzoea: ukimpelekea baiskeli, usimweleze ugonjwa. Ataiinua, atazungusha gurudumu, atafumba macho, kisha atakutajia hata njia uliyopita.

"Umekatiza kwenye mahindi ya watu," aliwahi kumwambia mzee mmoja wa Munisagara, na mzee kwa aibu akalipa bila kuomba apunguziwe.

Kwa hiyo Leshan, kijana muuza maziwa, alipoonyeshwa baiskeli ya milimani kule Mikumi na mwongoza watalii aliyechoka kuisafisha, alimpigia Odilia simu kwanza.

"Shikamoo, dada fundi. Hii ina shokapu mbele na nyuma. Fremu imekatwa kwa nyuma ikaungwa kwa bawaba. Nichukue?"

"Marahaba. Chukua! Na shokapu ya nyuma, maziwa yako yatasafiri kama yamelala kwenye godoro."

Neno lilimtoka kwa furaha, na neno likishatoka halina breki.

Kila asubuhi Leshan hupeleka madumu mawili ya maziwa kutoka boma lao, upande wa Masanze, hadi kwa Mama Regina mwenye mgahawa wa chai hapo mjini. Siku ya kwanza ya baiskeli mpya alifika mapema ajabu, anatabasamu hadi masikioni. Mama Regina akafungua dumu, akachungulia, akaita mtaa mzima.

"Njooni muone! Nimeagiza maziwa, nimeletewa maziwa na watoto wake!"

Mabonge ya siagi yalikuwa yanaelea juu, ya njano, manene kama vidole gumba. Kesho yake hivyohivyo. Siku ya tatu, Jumatano, Mama Regina alikwenda mwenyewe kibandani, upawa ungali mkononi.

"Odilia, nasikia hilo godoro ulilisifia wewe."

"Ni mimi, mama."

"Basi nisikilize. Wateja wangu wanaitafuna chai. Nampa mpaka Jumamosi. Nikikuta tena siagi, nahamia maziwa ya unga, na kijana atafute pengine pa kuuza. Na wewe usinishauri tena maisha yako yote, hata kuhusu mvua."

Jambo la ajabu, wiki hiyo chapati za Mama Regina zilikuwa laini kupita kawaida. Odilia hakuwa na nafasi ya kuwaza chapati. Leshan hakuwa na mnunuzi mwingine mjini, na baiskeli aliinunua kwa neno la Odilia mwenyewe.

Leshan alipoileta kibandani, Odilia aliikalia, akajirusha mara moja, ikazama hadi mwisho.

"Nyonge hii," akasema. Akaing'oa shokapu ya nyuma, ile ya hewa, akafunga springi ya chuma ya pikipiki iliyokufa, nene kama mkono wa mwashi. Moyo wake ukatulia. Kitu kinene hakidanganyi, alijiambia.

Alhamisi Leshan alirudi na matope hadi kwenye nyusi.

"Kwenda, dada, kila jiwe nimelijua kwa jina. Kurudi, madumu matupu, imenirusha kama punda aliyekanyaga moto. Nimetua kwenye ufuta wa mtu."

"Na siagi?"

"Siagi hakuna. Na maziwa nusu hakuna, vifuniko vilifunguka."

Odilia hakucheka, ila mdomo ulimsaliti kidogo. Springi ile ilizoea watu watatu na gunia. Leshan na madumu yake iliwaona manyoya. Akairudisha shokapu ya zamani, akachukua chaki na kuanza kupima kwa vidole. Gurudumu likipanda vidole vitatu, shokapu inabonyea kimoja. Kumbe mzigo unaoonekana mmoja huko nyuma, huku kwenye shokapu ni kama mitatu! Ndiyo maana ilizama: hewa yake ilipimwa kwa mtalii mwembamba asiyebeba hata chupa ya maji. Akajaza hewa kwa pampu ndogo yenye saa ya kupimia hewa, iliyokuja na baiskeli. Haikuzama tena. Lakini ilichezacheza, na kesho yake, Ijumaa, siagi ilifika mjini salama salimini.

Safari hiyo Leshan alifuatana na mama yake, Naisula, aliyepanda bodaboda. Walipotoka mgahawani wakaja kibandani.

"Shikamoo, mama," Odilia alimpokea.

"Marahaba. Nimekuja kumwona mwanamke anayeshindana na mimi kutengeneza siagi."

Naisula aliweka mkono juu ya tandiko, akabonyeza, akaachia. Baiskeli ikashuka, ikapanda, ikashuka, ikapanda, mara sita. Mama akacheka, shanga zake nazo zikacheka.

"Hivi hasa ndivyo ninavyotikisa kibuyu! Siagi haitaki nguvu, mwanangu. Ukitikisa kwa hasira unapata jasho tu. Inataka mwendo uleule, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi."

"Na ukitaka isitoke?"

"Basi usirudi haraka."

Odilia akabonyeza tandiko yeye mwenyewe. Siku zote hizo alikuwa anatazama inavyoshuka. Kurudi kwake hakukutazama. Akainama. Kwenye shokapu, chini ya tope lililokauka, palikuwa na kijigurudumu chekundu ambacho tangu mwanzo alikidhani pambo. Akakifuta kwa kanga, akakizungusha taratibu, na kila kilipolia "tik" alibonyeza tandiko. Kurudi kukapungua. Mwisho baiskeli ilishuka, ikainuka mara moja tu, pole pole, kama bibi harusi anayenyanyuka mkekani, ikatulia.

"Pambo!" Odilia alijicheka. "Miaka ishirini ya ufundi, nimekiita pambo."

Kisha akachukua rangi yake ya kucha, akatia alama mbili kwenye saa ya pampu: hapa ukienda umejaa, hapa ukirudi mtupu. "Springi ya chuma ina neno moja," alimwambia Leshan. "Hewa unaweza kuibembeleza."

Jumamosi Odilia aliwahi mgahawani, akasimama mlangoni kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Leshan akateremsha madumu. Mama Regina akazamisha upawa, akakoroga, akautoa. Maziwa meupe. Dumu la pili, meupe. Odilia akashusha pumzi. Lakini Mama Regina alikunja uso, akazidi kukoroga.

"Hakuna?"

"Hakuna, mama," Leshan akajibu.

"Hata kidogo?"

"Hata punje."

"Sasa chapati zangu nitazipaka nini?"

Meza zote zikapasuka kwa kicheko. Leshan akafungua kibuyu kilichofungwa kwenye usukani.

"Mama yangu alionja chapati yako jana, akaijua siagi yake. Amesema hii ameitikisa mwenyewe, usiisifie baiskeli."

Mama Regina alitaka kununa, akashindwa. Akavuta kiti, akakifuta kwa ncha ya kanga, akamsukumia Odilia.

"Kaa, fundi. Leo chai ni ya kunywa."