Chemchemi Isiyo na Jina

Lynnet hupiga deki mtoto akiwa mgongoni, katika ofisi ya kaunti inayochukua maoni ya wananchi kuhusu sheria mpya ya maji. Siku ya kuorodhesha chemchemi za umma, ile ya kwao Kosele ilikuwa karibu kuachwa, ibaki ndani ya ua wa jirani mwenye shamba.

"Haina jina, nyathina, mwanangu. Nitaandika nini?" aliuliza Mzee Chrispine, karani.

Kwao, marehemu akikujia ndotoni anataka jina lake lirithiwe. Nyanyake Apondi alikuwa amemjia mara tatu, kimya, miguu majini. Lynnet alidhani anataka mtoto apewe jina lake.

"Andika Apondi. Nyanya hunijia ndotoni, miguu majini."

"Hayo ni maoni ama ndoto?"

"Wewe andika tu, baba."

Akaandika. Usiku huo Apondi alimrudia Lynnet usingizini, akanywa maji, akaenda zake akiimba.