Baba Pembeni mwa Picha

Kila nikipita mahali geti linapakwa rangi ya mafuta, harufu ile hunirudisha Nkubu, katika chumba cha mpiga picha tuliyemwita Fundi. Ukutani alikuwa ametundika pazia kubwa alilochora mwenyewe: bahari ya buluu, mchanga wa manjano, na gurudumu refu la bembea lenye viti vya kuning'inia. Fundi hakuwahi kuiona bahari. Mawimbi yake yalipangwa mistari kama michai shambani, na sisi watoto wa milimani hatukuona kosa lolote.

Pazia hilo alilitoa kwenye picha ya baba. Baba alifanya kazi Mombasa, katika bustani ya michezo iliyokuwa ufuoni, akilipaka grisi gurudumu lile. Krismasi moja, nikiwa darasa la tatu, hakupata ruhusa ya kuja. Akatuma picha. Gurudumu lilikuwa katikati, limejaa watu, na baba alikuwa mwisho kabisa wa upande wa kulia, miguu mitupu mchangani, bega lake karibu likatwe na ukingo.

Nilikosea kuipeleka shuleni.

"Kendi, huyu babako anatoroka nini?" Kirimi aliuliza.

"Ameona askari," mwingine akajibu, na darasa zima likacheka.

Mimi nilikuwa mtoto mwenye haya, maneno yalinijia usiku yakiwa hayana kazi. Niliifunga picha ndani ya kitabu. Fundi alipoiazima kwa mama ili achore pazia lake, aliweka gurudumu na bahari, akamwacha baba nje. Hata hilo liliniuma.

Kwa hiyo mama aliposema tunakwenda kupigwa picha, nilifurahi. Nilitaka mama asimame katikati, wazi, nami niipeleke shuleni niwafunge midomo. Tuliondoka asubuhi, miguu imepakwa mafuta iking'aa. Watu wa kwetu hawakulipia picha isiyoonyesha miguu. Kukatwa miguu kulikuwa kama kufanywa kiwete.

Fundi alituonyesha mahali pa kusimama, mbele ya gurudumu. Mama aliliangalia pazia, akavua viatu vyake vya kanisani, akaenda kusimama mwisho wa upande wa kushoto. Mimi akanivuta mbele yake.

"Mama Kendi, sogea katikati," Fundi alisema.

"Hapa panatosha."

"Huko unaanguka nje ya picha. Na uvae viatu, watu watasema umetoka shambani."

"Waseme. Wewe piga."

"Watasema Fundi hajui kazi."

"Nitawaambia ni mimi sijui kusimama," mama akasema, na hakusogea hata kidole.

Nilimvuta nguo. Akaniwekea mkono begani, mzito, na hapo ndipo taa ikamulika. Ndiyo sababu katika picha hiyo nimenuna.

Filamu ya Fundi ilipoisha, ikasafishwa na picha zikaja, sikupeleka yetu shuleni. Mama alishusha ile fremu yetu kubwa ya sebuleni, iliyojaa ubatizo na mazishi, akapanga upya kila kitu. Katikati aliweka picha ya baba, na kulia kwake, ukingo kwa ukingo, yetu. Kisha akaitundika juu karibu na dari na kurudi jikoni. Mimi niliona watu wawili waliokosea kusimama.

Bustani ile ilifungwa baadaye, gurudumu likaachwa lishike kutu, na baba akarudi kuchuma chai. Siku moja nilimuuliza mbona alisimama pembeni vile.

"Ningesimama katikati mngeona gurudumu vipi?" akasema. "Nilitaka mlione."

Hakuwa na mpango mwingine. Mpango ulikuwa wa mama. Wazazi wangu hawakuwahi kupigwa picha ya pamoja, hata siku ya kuoana, na baada ya Krismasi ile mama aliamua kwamba hatangoja ruhusa ya mtu. Sasa nikiitazama fremu hiyo naona mume na mke wamesimama bega kwa bega ufuoni, miguu mitupu, mtoto wao amenuna, na kila upande gurudumu. Bahari tu ndiyo haikulingana: upande wa baba maji yaliyo nyuma yake yanafika kiunoni, upande wa mama yanampita kichwa. Lakini mama amesimama wima, kama mtu anayejua kuogelea.